Kuketi Chini na Kuinuka Bila Kushikwa

Nawasalimu kwa jina lake Yeye aliyetuamsha leo, kila mmoja na maumivu yake, na bado tukafika hapa. Mwenyekiti ameniambia nina dakika kumi. Mwenyekiti, wewe unanijua tangu zamani. Weka hiyo saa mfukoni.

Ndugu zangu, sitataja jina la mtu. Wale nitakaowasema, wengine wako Muhoroni, mwingine yuko Nakuru, na mmoja ameketi humu ndani ananitolea macho ya kunionya. Mama, usiwe na wasiwasi, sitasema umri wako. Wangu nitasema. Mimi nina miaka sitini na minne, nina presha kama wengi wenu, na mwaka jana nilikuwa mtu wa kuhamishwa nyumbani kwangu kama kabati.

Mimi ni fundi wa nguo. Miaka thelathini na zaidi nimeketi nyuma ya cherehani nikishona sare za shule. Mtoto akija namsimamisha wima, nampima kifua, kiuno, urefu wa mkono, naandika kwenye daftari. Nadhani nusu ya watoto wa mji huu wamepitia kwenye tepu yangu. Lakini mwili wangu mwenyewe sikuwahi kuupima hata siku moja. Gauni likinibana, nafungua mshono wa ubavuni, naongeza kipande, nafunga. Mwaka ujao likibana tena, naongeza kingine. Nina gauni moja la kanisani ambalo lina vipande vinne kila upande. Fundi hawezi kujua amenenepa, kwa sababu nguo zake hazimkatai.

Na mnajua mambo ya huku kwetu. Mama akinenepa, watu wanasema anatunzwa. Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walikuwa wanakuja kuniangalia kama nimeisha, na wakikuta nimejaa wanarudi kijijini Asembo wakisema, yule hana shida. Nilifurahia hiyo. Nawaambia ukweli, nilijivunia mwili wangu kama mtu anavyojivunia nyumba ya mabati. Magoti yalipoanza kulia nikapaka dawa ya kuchua. Niliposhindwa kupanda ngazi za kanisa nikawa napitia mlango wa nyuma. Uzi ukianguka chini, nilikuwa namsubiri mteja aingie aniokotee. Niliona hiyo ni heshima ya uzee. Kumbe nilikuwa nimeacha kwenda chini kabisa. Nilikuwa sijagusa sakafu kwa mkono wangu kwa miaka mingi, na sikuwa najua.

Basi. Mwaka jana, mwezi wa Aprili, Jumamosi, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi kisha jua likawaka. Nyumba yangu iko Kaloleni, hapa Kisumu, zile nyumba za zamani, na bafu iko nyuma, nje. Siku hiyo majirani karibu wote walikuwa wameenda mazishi mashambani. Mimi sikuenda kwa sababu ya magoti. Nikasema nioge mapema nimalizie sare za watu. Nikaingia bafuni, nikafungua mfereji ujaze karai, nikajipaka sabuni, nikageuka kuchukua kopo, na mguu ukaniacha.

Sikuvunjika. Namshukuru Mungu kwa hilo. Nilianguka kwa makalio, na mnayaona, yalinisaidia. Chekeni tu, mimi mwenyewe nacheka sasa. Lakini siku ile sikucheka, kwa sababu nilipojaribu kuinuka, sikuweza. Nikashika karai, karai likapinduka. Nikashika ukuta, mikono inateleza kwa sabuni. Nikajivuta upande, nikarudi pale pale. Nilijaribu mpaka nikahema kama niliyebeba gunia. Halafu nikaanza kuita. Nikaita jirani wa kushoto, kimya. Nikaita wa kulia, kimya. Wote wako mazishini. Maji ya mfereji yanaendelea kutiririka chini yangu.

Halafu nikasikia geti. Nikasikia mtu anaita, "Hodi! Mama, uko?"

Ndugu zangu, moyo ulifurahi kwa muda wa kufumba jicho moja tu. Ile sauti niliijua. Ilikuwa ya mkwe wangu, mume wa binti yangu.

Kwa wale ndugu zetu ambao si Wajaluo, hebu niwaeleze kidogo ndiyo mnielewe. Mkwe wako wa kiume, kwetu sisi, ni mtu wa heshima kubwa sana. Hampeani mikono ovyo. Hamli meza moja ukimtazama mdomoni. Halali kwenye nyumba yako, na wewe hulali kwenye yake. Akiingia mlangoni unavuta leso vizuri. Kwamba mkwe wako akuone uchi, hiyo hata kuisema hapa mbele ya watu naona uzito. Na mimi nilikuwa chini, nimejaa povu, na leso yangu iko juu ya msumari ambao siufikii.

Basi nilifanya nini? Nilinyamaza.

Ndiyo. Nilifunga mdomo kwa mkono. Mtu wa kuniokoa amesimama hatua kumi kutoka nilipo, ameniletea sukari na mahindi kutoka Muhoroni, na mimi nimejiziba mdomo nisipumue kwa nguvu. Akaita tena. Nikasikia anaweka mzigo mlangoni. Nikasikia viatu vyake vinasimama, muda mrefu, halafu vinaondoka. Geti likafungwa. Nikashukuru, mniamini. Nilisema, Nyasaye, Mungu wangu, asante, ameenda. Halafu nikabaki na ile saruji.

Jua lilihama kutoka upande mmoja wa bafu mpaka upande mwingine. Meno yalikuwa yanagongana, na hiyo ni Kisumu, joto lote hili. Nilifikiri hivi ndivyo nitakavyokutwa, na watakaonikuta watalazimika kuniosha povu kwanza. Nililia. Sikulia kwa uchungu wa mwili, nililia kwa hasira.

Aliyenikuta ni mama mmoja jirani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ni mtu wa upande wa Vihiga, mwalimu mstaafu. Tulikuwa tunasalimiana tu. Kusema kweli, nilikuwa namdharau kidogo, kwa sababu kila asubuhi alikuwa anatoka na raba miguuni na wamama wengine wawili watatu, wanaenda uwanjani kurusharusha mikono. Nilikuwa nasema, hao hawana kazi. Nitamwita Mwalimu. Mwalimu akaingia bafuni moja kwa moja, hakupiga hata hodi. Akafunga mfereji, akanifunika leso, akaniuliza kama kuna mahali pameumia. Nikasema hapana. Nikanyoosha mikono anivute.

Akasema, "Sikuvuti. Nikikuvuta tutakuwa wawili hapo chini."

Nikamwambia, "Sasa ulikuja kunitazama?"

"Geuka ulale kwa tumbo. Taratibu. Sasa panda kwa magoti na mikono kama mtoto. Ngoja nilete stuli." Akaleta stuli ya jikoni, akaniwekea mbele. "Mikono juu yake. Mguu mmoja mbele. Sasa sukuma."

Ilichukua karibu nusu saa. Nilisimama. Nikamuuliza umejuaje niko hapa? Akasema, "Nilikuwa napita tu." Sikufikiria zaidi.

Watoto wangu walipopata habari, walikuja wote wawili, binti kutoka Muhoroni na kaka yake kutoka Nakuru. Walikuja na sura za watu waliokwisha kukubaliana kwenye simu. Mwanangu akasema, "Mama, hii nyumba ya kukaa peke yako basi. Utaenda nyumbani Asembo. Tutakutafutia msichana wa kukaa na wewe."

Nikasema, "Asembo nitafanya nini? Wateja wangu wako hapa. Cherehani yangu iko hapa."

Binti akasema, "Mama, utapumzika."

Sikilizeni, mimi naipenda Asembo. Mume wangu amelala huko na mimi nitalala huko. Lakini kulala huko kuna wakati wake. Kwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama watu wakianika dagaa wa omena, huku msichana wa watu akinifuata mpaka chooni? Niliona ni kama wananizika na nguo zangu. Na kwa binti yangu siwezi kwenda, hapo kuna mkwe. Kwa hiyo ilikuwa Asembo au Kaloleni, hakuna kingine.

Hapo mdomo wangu ukafanya kazi kabla ya kichwa. Nikawaambia, "Nipeni mpaka Desemba. Tukikutana nyumbani kwa Krismasi nitaketi chini kabisa, mbele yenu wote, na nitainuka mwenyewe. Bila kiti, bila ukuta, bila mkono wa mtu. Nikishindwa, nipakieni."

Mwanangu akatazama magoti yangu. Akasema, "Sawa, Mama." Alisema kwa upole, na ule upole uliniuma kuliko kama angenicheka.

Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu. Nikamwambia nataka kuinuka kutoka chini. Nilidhani atanipa raba nikakimbie. Akanituma kwanza kwa daktari nikapimwe presha na magoti, na hakukubali kunigusa mpaka nilete jibu. Niliporudi, akanipeleka mpaka kitandani kwangu. Akasema, "Keti. Simama. Keti. Simama. Bila kushika." Mara tano, nikaona nyota. Akasema, "Kesho sita."

Nikamwambia, "Mwalimu, hii si mazoezi, hii ni kukaa."

Akasema, "Wewe unaogopa chini. Tutashuka pole pole mpaka uzoee."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa kwanza ni kitanda. Halafu kiti cha mezani. Halafu ile stuli ya jikoni. Halafu akaleta ndoo ndogo akaipindua. Kila nikizoea kimo kimoja, ananipunguzia. Asubuhi tulienda uwanjani, wenzangu wanazunguka kwa mbio, mimi nimebaki kwenye kona na ndoo yangu. Nilisukuma ukuta. Nilibeba galoni mbili za maji nikatembea nazo, moja kila mkono. Wamama wale wengine walikuwa wepesi, mmoja ni wa umri wangu na anaruka kamba! Nilikuwa nikirudi nyumbani nimenuna. Siku moja nikamwambia Mwalimu, mimi sitafika pale alipo yule. Akaniuliza, "Wewe ukishona sare, unatumia vipimo vya mtoto wa nani?" Hilo swali lilinifaa kwa sababu lilikuja kwenye kazi yangu.

Nguo pia ilikuwa shida. Gauni huwezi kulala nalo chini ukainua miguu. Nilienda mitumbani nikatafuta suruali za mazoezi, nikakuta zile zinazobana mpaka mtu anaonekana hata alichokula. Mimi, mjane, mama wa kanisa, nivae hiyo? Nikasema basi, mimi ni fundi, nitajishonea. Kwa mara ya kwanza nikajipima. Sitawaambia namba. Niliipima mara tatu nikidhani tepu imeharibika. Halafu nikachukua kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye sare za shule moja, nikashona suruali pana, na juu yake sketi fupi ya kukunja iliyoungana nayo, na mfuko mkubwa wa leso na funguo. Hakuna duka lenye nguo kama hiyo. Nilipotoka nayo asubuhi, mtoto mmoja akauliza mama yake, huyo ni mwanafunzi? Na mama mmoja wa kanisa letu akanisimamisha njiani akasema, "Sasa wewe, uzeeni ndiyo umeanza suruali?" Nikamwambia, "Nimechelewa, ndiyo maana naharakisha." Lakini nyumbani nilikaa nikawaza. Maneno ya watu hata ukiyajibu vizuri, yanabaki na wewe.

Kufikia Septemba nilikuwa nimeshuka kwenye ndoo, niko kwenye tofali. Tofali mbili zimepangana, halafu moja. Na gauni za kanisani zikaanza kulegea, nikaanza kutoa vile vipande. Sasa nikaona watu wananitazama vibaya. Nikaingia sokoni, watu wananyamaza. Jumapili moja, baada ya ibada, wamama sita walikuja kwangu na supu ya samaki, ngege, na chapati, wakaketi, wakaanza kuimba polepole. Nikauliza nani amekufa? Mmoja akanishika mkono akasema, "Dada, usijifiche. Siku hizi kuna dawa." Haki ya Mungu, nilitaka kuwafukuza. Mwanamke wa umri wangu akipungua mwili huku kwetu, hawafikirii amejitahidi, wanafikiria ameshikwa na ule ugonjwa. Nikawaambia ni mazoezi. Wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaomba. Supu nilikunywa. Ilikuwa tamu, sitadanganya.

Lakini hiyo nayo ningeivumilia. Kilichonivunja kilikuja wiki iliyofuata.

Tulikuwa uwanjani, asubuhi. Mwalimu alikuwa amenilaza chini kwenye mkeka, mgongo kwa mkeka, miguu yote miwili juu, naihesabia kushuka taratibu. Nikainua kichwa nipumue. Nani amesimama kando ya barabara? Mkwe wangu. Anaendesha trekta la miwa huko Muhoroni, alikuwa amekuja mjini kununua vipuri, amebeba mfuko. Macho yetu yakakutana kupitia katikati ya miguu yangu. Ndugu zangu, naomba mfikirie hiyo picha mara moja tu, halafu muiache.

Akageuza uso akaondoka mbio mbio. Mimi nikakunja mkeka nikaenda nyumbani. Sikurudi kesho yake. Sikurudi wiki hiyo, wala iliyofuata. Nilisema basi, Asembo ni kuzuri. Nilianza hata kuwaambia wateja wachukue vitambaa vyao. Nilijiambia mwanamke wa umri wangu ana mahali pake, na mahali pake si chini uwanjani miguu ikiwa juu, wanaume wakipita. Nilirudi kukaa kwenye kiti nikisubiri mtu aniokotee uzi.

Mwalimu akaja. Nikamweleza kila kitu, nikidhani atanionea huruma. Akacheka mpaka akashika mlango. Nikakasirika, nikamwambia wewe si Mjaluo, huwezi kuelewa uzito wa mkwe.

Hapo akaacha kucheka. Akaketi. Akasema, "Nilimwahidi sitasema. Lakini naona utahama kwa ujinga. Siku ile ya bafu, unadhani nani alinituma?"

Nikamgeukia.

"Alikuwa anakimbia nyumba hadi nyumba akitafuta mwanamke. Alienda mpaka barabara ya juu. Wote walikuwa mazishini. Alinikuta natoka sokoni na mboga kichwani. Jasho lilikuwa limemlowesha shati lote. Alinibebea mboga ili nikimbie."

Nawaambia, kwanza nilipandwa na hasira. Kumbe alinisikia! Kumbe alijua niko pale! Halafu hasira ikaisha yenyewe, nikaanza kulia, na safari hii sikujua nalilia nini. Miezi yote ile nilikuwa nashukuru kwamba hakujua.

Mwalimu alipoondoka nikachukua simu. Mimi na mkwe hatupigiani simu, salamu zote hupitia kwa binti. Akashika, nikasikia trekta linazimwa.

Nikasema, "Ora, mkwe wangu. Siku ile ulinisikia?"

Akasema, "Nilisikia maji yanatiririka, Mama. Nikasikia unahema. Nilipoita, nikasikia umenyamaza."

"Kwa nini hukuingia?"

"Niliogopa kukuaibisha."

Nikamwambia, "Na mimi niliogopa hivyo hivyo. Tungezikana kwa heshima."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua kama ameruhusiwa. Nikamuuliza, "Na juzi uwanjani?"

"Juzi sikuona kitu, Mama."

"Uliona."

"Niliona mtu anafanya mazoezi," akasema. "Nilifurahi, Mama. Nilikimbia kwa sababu nilikuwa nimeanza kutabasamu."

Nikamwambia neno ambalo sikuwahi kufikiria mama wa Kijaluo atamwambia mkwe wake. Nikasema, siku nyingine ukiita na mimi ninyamaze, tupa leso kwanza, hesabu mpaka kumi, halafu uingie. Akasema, "Sawa, Mama." Nikakata simu haraka kabla sijaona haya. Kesho yake asubuhi nilivaa ile suruali yangu ya kijani, nikapita katikati ya soko nayo, sikuzunguka kwa njia ya nyuma.

Ilibaki kama miezi miwili. Tofali moja, halafu leso iliyokunjwa, halafu chini kabisa. Kuketi kulikuwa rahisi. Kuinuka, hapana. Mara nyingi nilifika goti moja likiwa juu, nikakwama, nikarudi chini kwa kishindo. Hata siku ya kusafiri kwenda nyumbani, nilikuwa nimeweza mara mbili tu na nimeshindwa mara nyingi. Kwa hiyo msidhani nilienda Asembo nikiwa na uhakika. Nilienda na mashine ya kushona imefunikwa na nusu ya vitu vyangu viko kwenye makatoni, ndiyo nikishindwa nisisumbue watu.

Siku ya Krismasi, baada ya chakula, mwanangu hakusema kitu. Nadhani alitaka kuniachia njia ya kusahau. Mimi nikaomba mkeka utandikwe uani. Wajukuu wakakusanyika, shemeji zangu na viti vyao. Mkwe wangu alisimama mbali, karibu na zizi, kama inavyofaa.

Nikaketi. Nikanyoosha miguu mbele ndiyo waone hakuna ujanja. Halafu nikageuka, magoti na mikono. Mguu wa kulia mbele. Nikasukuma, nikakwama. Lile goti lilitetemeka mpaka nikaona sketi yangu inacheza. Binti yangu akaja mbio amenyoosha mikono. Nikamwambia, "Rudi." Akasema, "Mama, jamani." Nikasema, "Rudi nyuma!" Sauti ilitoka kubwa, kuku wakatawanyika. Akarudi. Sikufikiria Desemba wala Nakuru wala nani. Nilifikiria kusukuma ardhi tu, vile Mwalimu alivyonifundisha, kisigino kwanza. Na mwili ukapanda. Ulipanda pole pole, kama haujaamua, halafu nikawa nimesimama. Mikono yangu ilikuwa mitupu.

Watoto walipiga kelele. Mwanangu alienda nyuma ya nyumba akakaa huko kidogo. Shemeji yangu mmoja akasema, kumbe si ugonjwa.

Binti yangu alikuwa analia na kucheka. Akasema, "Aa Mama, hiyo tu? Hata mimi naweza." Akajitupa kwenye mkeka pale nilipokuwa. Ana miaka arobaini na mmoja, na amenifuata mwili. Akajaribu kuinuka. Akashika hewa. Akageuka huku, akageuka huku. Watoto wakaanza kucheka, na yeye akacheka, halafu akaacha kucheka. Nikauona uso wake ukibadilika. Niliujua ule uso. Ndio niliokuwa nao kwenye saruji.

Nikainama kwake. Nikasema, sikuvuti, geuka kwa tumbo. Akageuka. Nikamwambia, sasa magoti na mikono. Nikaleta stuli.

Ndugu zangu, nimemaliza. Niko Kaloleni bado. Makatoni niliyafungua siku niliyorudi, na mashine haijafunikwa tena. Namshukuru daktari aliyenipima bila kunicheka. Nawashukuru wale wamama sita kwa supu, ingawa walinizika mapema. Wawili wao siku hizi tuko nao uwanjani. Namshukuru mama huyu aliyeketi hapo nyuma anayejifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Ero kamano, asante sana, Mwalimu. Na namshukuru mkwe wangu, aliyebeba mboga za watu akikimbia.

Ninachowaachia ni hiki. Usijipime na mwenzako, na usijifiche mwili wako kwa kuongeza vipande. Mkirudi nyumbani leo, mkiwa na mtu karibu, jaribuni kuketi chini na kuinuka. Ukiweza, shukuru na uendelee. Ukishindwa, usione haya, na usinyamaze. Anza na kitanda.

Binti yangu alinipigia jana jioni. Amefika kwenye ndoo.